RIPOTI INARUDI KWA NANI?
Uhakiki wa Mafunzo kwa Vitendo ya Mipango Miji katika Mji wa Kahama

Nadharia isiyopimwa kwa vitendo ni maneno matupu, na vitendo visivyoongozwa na nadharia ni kupapasa gizani. Makada wetu wanalijua jambo hili, na wanafunzi wetu hulikariri. Lakini kulijua ni jambo moja na kulitenda ni jambo la pili. Kila mwaka vyuo vyetu huwatoa madarasani wanafunzi wa mipango miji na wa maendeleo ya jamii na kuwapeleka katika halmashauri za nchi nzima. Huko hufanya kazi kwa majuma kadhaa, hujaza daftari la kazi za kila siku, hukaguliwa na mwalimu, huandika ripoti, hupewa alama, kisha huondoka. Sisi tunauliza swali moja tu: ripoti ile inarudi kwa nani?

Swali hili si dogo. Ndani yake limo suala zima la elimu yetu: je, tunamfundisha kijana kuwatumikia wavujajasho, au tunamfundisha kuwatawala kwa rula na penseli? Katika makala hii tutalichunguza suala hilo kwa kuutazama mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, kwa sababu pale migongano ya maendeleo yetu inaonekana waziwazi: dhahabu na mpunga, mgodi mkubwa na mchimbaji mdogo, mwenye nyumba na mpangaji, ramani na mtu.

1. TULIKOTOKA

Wazo la kumpeleka mwanafunzi kwa umma lina historia ndefu katika nchi yetu. Mwezi Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulikemea elimu inayomtenga msomi na wazazi wake na kumfanya ajione mtu wa daraja la juu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilikwenda mbele zaidi: kijana alitakiwa afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na wale aliofanya nao kazi pamoja na Chama watoe maoni juu ya mwenendo wake. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye na hatimaye ukaachwa. Lakini tusilisahau jambo lililokuwa kiini chake: si mwalimu peke yake aliyekuwa na haki ya kumpima msomi. Umma nao ulipewa nafasi ya kumpima.

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1975 na 1979, uliendeshwa mradi wa utafiti uliojulikana kwa jina la Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, chini ya uongozi wa Marja-Liisa Swantz na watafiti wenzake wa Tanzania na Finland. Msimamo wao ulikuwa kwamba mwanakijiji si kitu cha kuchunguzwa. Yeye ni mtafiti mwenza, na matokeo ya utafiti ni mali yake pia. Mwaka 1979 watafiti wa Afrika walikutana Mzumbe kulijadili jambo hilo hilo. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuwashirikisha wananchi ni somo tulilofundishwa na wafadhili katika miaka ya karibuni, haijui historia ya nchi yake mwenyewe.

Na upande wa mipango miji? Chuo cha Ardhi kilianza kufundisha mipango ya miji na vijiji mwaka 1972. Mwaka 1996 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Vyuo hivi vimetupatia wataalamu wengi wazalendo, na mafunzo kwa vitendo yamekuwa sehemu ya masomo yao. Tunauhakiki mtindo wa mafunzo hayo kwa sababu tunauthamini.

2. KAHAMA: MJI ULIOITANGULIA RAMANI

Tumchukue sasa mwanafunzi anayepangiwa Kahama. Anakuta mji wa namna gani?

Anakuta mji unaokua kuliko uwezo wa ofisi kuuchora. Katika sensa ya mwaka 2012 eneo la halmashauri ya mji lilikuwa na watu wapatao 242,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 450,000. Mwaka 2021 mji ulipandishwa hadhi kuwa manispaa. Lakini hadhi haichimbi mitaro. Mtu anayefika leo anahitaji mahali pa kulala leo hii hii. Hawezi kumngoja mpima ardhi.

Watu hawa wanafuata nini? Wanafuata mpunga wa mashamba ya Kahama na mashine za kukoboa za Kagongwa. Wanafuata barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi. Na wanafuata dhahabu. Kaskazini mwa mji, huko Bulyanhulu, wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba maduara yao tangu miaka ya 1970. Mwezi Agosti 1996 waliondolewa ili kampuni ya kigeni ichukue eneo, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Tangu siku hiyo kuna ubishi mkali. Wapo waliodai kwamba watu walifukiwa wakiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni walikanusha, na mkaguzi wa Benki ya Dunia aliandika mwaka 2002 kwamba hakuuona ushahidi. Hatuna nia ya kuuamua ubishi huo hapa. Tunachotaka mwanafunzi wa mipango akione ni hiki: hata idadi ya watu walioishi pale imebishaniwa, wengine wakitaja maelfu, wengine wakitaja malaki. Yaani palikuwa na makazi yenye maduka, migahawa na familia, lakini hapakuwa na daftari lililokubaliwa na wote likionyesha nani aliishi pale. Asiyehesabiwa huondolewa kirahisi. Na akiondolewa, hata machozi yake hukosa ushahidi.

Karibu zaidi na mji kuna Buzwagi. Mkataba wa mgodi huo ulisainiwa London mwezi Februari 2007, na Bunge likatikisika mwaka huo huo. Uzalishaji ulianza mwaka 2009 na ukakoma mwaka 2021. Ni miaka kumi na miwili tu! Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya uzalishaji alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi, au ndiyo kwanza anaimaliza, mgodi ulipofungwa. Sasa eneo lile limetengwa kuwa ukanda maalum wa kiuchumi. Hilo ni jambo jema likitekelezwa kwa faida ya umma. Lakini linamfundisha mwanafunzi kwamba mji uliojengwa juu ya mahitaji ya mwenye mtaji hubaki unahema siku mwenye mtaji anapofunga virago. Mipango ya miji ni jibu la swali la kisiasa: mji huu ni wa nani?

3. RIPOTI NA LUGHA YAKE

Hebu sasa tuihakiki ripoti yenyewe, kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia. Ripoti za namna hii zina umbo lake linalojulikana. Zinaanza na shukrani. Hapo wanatajwa mkurugenzi, wakuu wa idara na mwalimu msimamizi. Inafuata historia ya halmashauri, kisha muundo wa utawala, kisha kazi zilizofanyika, kisha changamoto, kisha mapendekezo. Mwisho kuna picha: mwanafunzi amevaa fulana inayong'aa, ameshika kipima-eneo.

Yuko wapi mwenyekiti wa mtaa aliyezunguka naye juani mchana kutwa? Yuko wapi mama lishe aliyemweleza maji ya mvua hupita wapi? Katika shukrani hawamo. Wamo katika sura ya matokeo, nao wameitwa "wahojiwa".

Tuangalie maneno matatu ambayo ripoti hizi huyapenda.

Neno la kwanza ni "wananchi walishirikishwa". Kiswahili chetu ni lugha yenye uangalifu: kuna kushiriki, kuna kushirikisha, na kuna kushirikishwa. Anayeshiriki ni mtendaji. Anayeshirikishwa ametendwa, na kitenzi hakisemi ametendwa na nani, lini, wala kwa kiasi gani. Mkutano wa saa moja, wa kuambiwa yaliyokwisha kuamuliwa na kusaini karatasi ya mahudhurio, nao huitwa kushirikishwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wadau wapewe taarifa na nafasi ya kutoa maoni. Haikusudii maoni hayo yageuzwe kuwa orodha ya saini. Mwanafunzi aandike wazi: nani alisema nini, nani alipinga, na mchoro ulibadilika wapi kwa sababu ya maneno yao. Kama haukubadilika popote, basi aandike hivyo.

Neno la pili ni "makazi holela", pamoja na ndugu yake "wavamizi". Nani holela? Mtu aliyenunua kiwanja kwa mkulima mbele ya mashahidi na uongozi wa mtaa, akafyatua tofali zake na kujenga chumba kimoja kimoja kwa miaka, yeye ana mpango. Pengine ana mpango uliofikiriwa kuliko wa ofisi. Alichokosa ni utambuzi. Wakoloni nao waliigawa miji yetu katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mahali walipokataa kupapangia ndipo walipopaita pa vurugu. Mwanafunzi anayelirudia neno hili bila kulihoji anairithi kasumba hiyo bila kujua.

Neno la tatu ni "changamoto". Barabara haina mtaro: changamoto. Wapangaji wamepandishiwa kodi baada ya mtaa kurasimishwa: changamoto. Fidia imechelewa: changamoto. Neno hili limekuwa blanketi la kufunikia kila kitu. Mambo mengine ni upungufu wa fedha, na yaitwe hivyo. Mengine ni uzembe wa watendaji, na yaitwe hivyo. Na mengine ni migongano ya maslahi, ambapo anayefaidika yupo na anayeumia yupo. Kuyaita yote changamoto ni kumnyima msomaji haki ya kujua adui ni nani.

Sababu ya lugha hii haiko katika uvivu wa mwanafunzi. Mwandishi huandika kwa ajili ya anayemsoma. Ripoti hii husomwa na watu wawili: mwalimu atoaye alama na ofisa atoaye barua ya sifa. Hivyo mwanafunzi hujifunza mapema kuandika kisichomuudhi yeyote kati ya hao wawili. Umangimeza haumngoji apate ajira. Unaanza kumlea akiwa bado na kitambulisho cha mwanafunzi mfukoni.

4. JAMII SI KITU KIMOJA

Wapo wenye nia njema watakaosema: basi dawa ni kuisikiliza jamii. Ni kweli, lakini jamii ipi? Katika mtaa mmoja wa Kahama anaishi mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu na anaishi kibarua anayeshika zebaki kwa mikono mitupu. Anaishi mwenye nyumba ya vyumba kumi na wanaishi wapangaji wake. Anaishi mfanyabiashara wa mchele na anaishi mbeba magunia. Mkutano ukiitishwa asubuhi siku ya kazi, nani atahudhuria? Kibarua yuko duarani, mama lishe yuko jikoni, mpangaji anaona mkutano wa viwanja haumhusu. Atakayesimama na kuunga mkono hoja ni mwenye nafasi. Kisha ripoti itasema kwamba jamii imekubali.

Historia ya eneo hili lenyewe inatufundisha tusiitazame jamii kwa macho ya mapenzi matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu za mpakani mwa Kahama na Nzega, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walijiundia sungusungu. Hakuna mtaalamu aliyewachorea mpango. Waligawana zamu, wakaweka mbiu ya yowe na adhabu zao, na wizi ukapungua. Huo ulikuwa ushahidi mkubwa wa uwezo wa umma kujipanga. Lakini sungusungu hao hao, mahali pengine, waliwaadhibu na kuwafukuza wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Nguvu ya umma ilikuwa ya kweli, na uonevu nao ulikuwa wa kweli. Mtaalamu mwanamapinduzi hujifunza kutokana na nguvu ile na hupambana na uonevu ule. Hawezi kufanya hivyo akiwa mgeni wa siku moja mwenye hojaji ya kurasa nane.

5. FUNDISHO LA NGITILI

Je, yanayodaiwa hapa yanawezekana? Yanawezekana, na mfano uko Shinyanga yenyewe. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipate nafuu, kisha linafunguliwa wakati wa kiangazi. Ukataji miti uliokuja na mashamba ya pamba na vita dhidi ya mbung'o ulilipunguza eneo hilo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo, ilipowahamisha watu, iliwatenga na ngitili zao, zikakosa mwangalizi. Tuliseme hili bila kigugumizi, kwani kujikosoa ni silaha ya Chama chochote kinachotaka kubaki na umma: lengo la huduma kwa wote lilikuwa sahihi, lakini mpango haukuuliza ardhi ile ilikuwa ikitunzwaje.

Ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilibaki hekta 600 hivi. Wataalamu walianza na mtindo wa vitalu vya miche na amri. Maendeleo makubwa yalipatikana walipoigeukia desturi ya wenyeji wenyewe na kuifanya kuwa msingi wa kazi, wanavijiji wakiamua wapi pafungwe na lini pafunguliwe. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Ardhi ni ile ile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni nani mwalimu na nani mwanafunzi.

Mwanafunzi wa mipango miji atasema kwamba ngitili ni mambo ya kijijini. Tunamjibu kwamba mtaa wa mjini nao una ngitili zake: njia ya miguu ambayo kila mtu anaiheshimu ingawa haimo kwenye ramani, uwanja ulioachwa wazi kwa ajili ya misiba na harusi, mti wanaoegesha bodaboda, bonde ambalo wazee wamekataza lisijengwe kwa sababu maji hulikumbuka. Kazi ya kwanza ya mpangaji mji ni kuyatambua haya kabla hajachora mstari wowote.

6. HOJA ZA WANAOPINGA

Tunajua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba majuma machache hayatoshi. Ni kweli hayatoshi kuupanga mji. Lakini yanatosha kuujua vizuri mtaa mmoja. Kosa liko katika kumhamisha mwanafunzi kutoka ofisi hadi ofisi ili aonje kila kitu na asishibe chochote.

Pili, kwamba mwanafunzi hana madaraka ya kuahidi jambo, na kumpeleka mkutanoni ni kuwatia wananchi matumaini ya uongo. Hoja hii ina uzito. Lakini umma wetu si watoto. Ukiambiwa wazi kwamba huyu ni mwanafunzi, hana bajeti wala muhuri, utaelewa. Kinachowachosha wananchi ni kuhojiwa kila mwaka na vijana wapya, kwa maswali yale yale, bila hata mmoja kurudi kusema alichokiona.

Tatu, kwamba kazi ya upangaji ni ya kitaalamu na haipigiwi kura. Hatudai kwamba mteremko wa mtaro upigiwe kura. Maji hushuka kwa sheria zake. Lakini kuamua mtaro upite uani kwa nani, nyumba ya nani ivunjwe, na nani alipwe kwanza, huo ni uamuzi wa kisiasa. Utaalamu ukitumika kuuficha, unakuwa ngao ya mnyonyaji.

7. TUFANYE NINI?

Pendekezo letu ni moja, nalo ni rahisi kulisema na gumu kulikwepa: ripoti ya mafunzo kwa vitendo isomwe kwanza katika mkutano wa mtaa ule ilioandikiwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla haijapewa alama chuoni. Maoni ya mkutano yaandikwe, na yawe sehemu ya ripoti. Nakala moja ibaki katika ofisi ya mtaa. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata aanzie pale alipoishia mwenzake, badala ya kuhoji upya mambo yaliyokwisha kujibiwa.

Faida yake ni tatu. Mwanafunzi ataandika kwa uangalifu, kwani ni vigumu kusema "wananchi walishirikishwa" mbele ya wananchi wenyewe. Mtaa utapata kumbukumbu: nani anaishi wapi, maji yanapita wapi, ardhi ipi imeachwa wazi na kwa nini. Siku atakapokuja mwenye mtaji akisema hapa hapana watu, daftari litamjibu. Na halmashauri itapata wataalamu waliozoea kuulizwa maswali na umma tangu ujana wao.

Makada walioko katika matawi na mashina ya Kahama, na ya miji mingine inayokua kwa kasi ya namna hii, wana wajibu hapa. Wasiugeuze mkutano huo kuwa jukwaa la kumsifia mtu, wala wasimwachie mwenye sauti kubwa peke yake. Wahakikishe unaitishwa saa ambayo kibarua ametoka kazini na mama lishe amefunga jiko. Wampe mpangaji nafasi ya kusema sawa na mwenye nyumba. Na wamlinde mwanafunzi akisema ukweli usiopendeza. Tahadhari moja ni lazima: maoni ya mkutano yasije yakageuka kuwa barua nyingine ya sifa inayosainiwa mezani. Siku yatakapofikia hapo, yatakuwa yamekufa.

Nanyi wanafunzi, msingoje chuo kibadili kanuni zake. Hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi kurudi katika mtaa alikofanyia kazi, kumwomba mwenyekiti nafasi ya nusu saa mkutanoni, na kuwaambia watu: haya ndiyo niliyoyaona kwenu, niambieni nilipokosea. Ramani iliyopita katika mkutano wa namna hiyo itakuwa na makunyanzi na madoa ya mikono ya watu. Ipelekeni chuoni ikiwa hivyo hivyo.